Dakika Kumi na Tano za Kiptum

Kiptum alikuwa mtu wa kuketi. Katika kiwanda ambacho kila mtu anakimbia, yeye alipindua ndoo ya rangi, akaketi juu yake, mikono magotini, macho kwenye saa ya ukutani, akingoja mashine ya kuchanganya imalize dakika kumi na tano. Hakusinzia. Hakupiga simu. Alingoja tu. Kamande, mpakiaji wetu, mtu asiyeweza kufunga mdomo, alikuwa akimpitia na gunia begani.

"Mzee, wewe unachanganya ama unaatamia?"

"Naatamia," Kiptum alimjibu. "Vifaranga vikitoka nitakuita uvilishe."

"Vilishwe nini, na chakula kiko kwa tumbo ya mashine tangu asubuhi?"

Tulicheka sote, na Kiptum pia alicheka, lakini hakuinuka. Dakika zilikuwa zake.

Kiwanda chetu kiko upande wa viwandani hapa Nakuru, na si kikubwa. Tunatengeneza chakula cha ng'ombe wa maziwa na cha kuku. Pumba na mashudu humwagwa kwa koleo na kwa gunia, lakini vitu vinavyoingia kwa uchache napima mimi: chumvi, madini, na urea. Urea kidogo inamsaidia ng'ombe kutoa maziwa. Ikikusanyika mahali pamoja, inamuua. Kwa hivyo mizani yangu naiangalia kama mtoto mwenye homa. Pamoja na mizani nilipewa karatasi. Kila bachi, yaani kila mchanganyiko mmoja wa magunia kumi na manne, ina mstari wake: namba, saa, jina la aliyechanganya, na dakika za kuchanganya. Nilisoma hadi darasa la nane tu, lakini mwandiko wangu ni mzuri, na ndiyo sababu kalamu ilikuja kwangu.

Kiptum alizaliwa Ndabibi, kwenye shamba kubwa ambako baba yake alikuwa mchungaji wa ng'ombe wa watu. Yeye mwenyewe alichunga mpaka ndevu zikaota. Aliwahi kuniambia kwamba alijua ng'ombe wote kwa kwato zao kabla ya kujua herufi. Alikuja Nakuru kubeba magunia, na miaka minane akayabeba, kabla ya kupewa mashine. Wakati ninaouzungumzia alikuwa na miaka kumi na minne kwenye mashine ile. Asubuhi, kabla ya bachi ya kwanza, aliingiza mkono ndani hadi begani na kupapasa pembeni, kutafuta chakula cha kuku cha jana kilichogandamana. Dakika kumi na tano zikiisha alichota konzi tatu, ya juu, ya katikati na ya chini, akazitandaza kwenye karatasi nyeupe. Madini yetu yana rangi ya matofali. Rangi ikiwa sawa kote, alisema, "Pakia." Isipokuwa sawa, alirudi kwenye ndoo.

"Ng'ombe hachagui," aliniambia siku moja nilipomuuliza kwa nini anajisumbua. "Mtu anakula nyama, anaacha mfupa. Ng'ombe anakula kile konzi ilichompa."

Nilimsikia, na sikuyatia maanani.

Mwaka juzi tukaletewa meneja mpya, Madam Chepkorir, msichana wa chuo kikuu, mwepesi wa miguu na mwenye heshima. Alitundika ubao mlangoni. Upande mmoja shifti yetu ya asubuhi, upande wa pili shifti ya mchana, na chini ya kila moja idadi ya magunia ya siku. Shifti iliyoshinda kwa wiki ilibeba unga na mafuta ya kupikia Ijumaa. Sisi tulitoa magunia mia mbili thelathini na nane kwa siku. Wenzetu wa mchana walitoa mia tatu na nane. Wiki baada ya wiki niliwaona akina mama wa mchana wakienda na mafuta yao kwenye mfuko, nami nikienda na mkoba wangu mwepesi. Nina binti mmoja, Sue, yuko kidato cha tatu. Baba yake hayuko. Mama wa namna yangu anaona mafuta ya kupikia hata mahali hayapo.

Kila mtu alijua wa mchana wanafanyaje. Walizima mashine dakika ya saba.

Sasa nieleze jambo la Alhamisi, maana ndilo lililotuingiza shimoni.

Kiptum ana ugonjwa wa sukari. Kliniki yake ilikuwa Alhamisi, kila baada ya wiki mbili. Meneja aliyemtangulia Chepkorir alikuwa amesema mbele yetu kwamba mtu mgonjwa atafutiwe ufagio, mashine si ya wagonjwa. Kwa hivyo Kiptum hakuomba ruhusa. Alitoka saa mbili na nusu kwa mlango wa nyuma, akarudi saa tano, na sisi tukamshikia nafasi yake. Kwetu kushikiana ni jambo la kawaida. Mimi nimeshikiwa nikienda kwa mkutano wa wazazi, Kamande ameshikiwa akizika shangazi yake. Hakuna anayeandika. Kamande alisimama kwenye mashine, nami nikaandika "Kiptum" kwenye mistari yote, kana kwamba hakutoka. Nikaita hilo upendo.

Lakini Kamande hana subira ya kuketi. Alhamisi ya kwanza alizima dakika ya saba, akaniangalia. Nami nikamwangalia, nikaandika kumi na tano. Nilishaiandika, kwa kweli. Safu ile ya dakika nilikuwa nikiijaza asubuhi kabla ya kazi kuanza, kumi na tano, kumi na tano, mpaka chini ya ukurasa, kwa sababu Kiptum hakuwahi kubadilisha. Siku hiyo magunia yetu yaliongezeka. Madam Chepkorir alisimama mbele ya ubao akasema, "Asubuhi, leo mmeamka! Endeleeni hivyo hivyo." Nikafurahi. Nasema ukweli, nilifurahi, na nikaanza kuingojea kliniki ya Kiptum.

Mara ya tano au ya sita ya kumshikia, mwezi wa pili mwaka huu, bachi ya nne ya Alhamisi ilienda Subukia.

Mkulima aliitwa Muiruri. Alikuwa na ng'ombe wanane. Alifungua gunia jioni, na kabla ya giza kuingia vizuri ng'ombe wawili walikuwa wakitetemeka. Mmoja alipona. Mwingine, aliyekuwa na mimba, alianguka na hakuinuka tena. Majirani wawili walikuwa wamenunua magunia ya bachi hiyo hiyo na ng'ombe wao hawakuwa na neno. Muiruri alikuja kiwandani na kibandiko cha gunia, chenye namba ya bachi, mkononi na daktari wa mifugo nyuma yake. Hakupiga kelele. Alikiweka kibandiko juu ya meza, akasema, "Hii ndiyo mlinitumia."

Madam alitoa karatasi zangu kwenye faili. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Alipita na kidole mstari kwa mstari.

"Dakika kumi na tano," alisema. "Vipimo viko sawa. Kuchanganya kuko sawa." Akanitazama. "Mama Sue, urea ulipima wewe?"

"Ndiyo, madam. Kama kawaida."

Na hilo lilikuwa kweli. Nilipima sawasawa.

"Basi kama kipimo ni sawa na dakika ni sawa, kilichobaki ni namna ilivyomwagwa ndani. Aliyechanganya ni nani?" Kidole kikasimama. "Kiptum."

Mwandiko wangu mzuri ndio uliosema. Ungekuwa ukurasa mchafu, wenye kufutwafutwa, labda angeutilia shaka. Lakini ulikuwa safi kama daftari la mwalimu. Kumi na tano, kumi na tano, Kiptum, Kiptum.

Wakamwita. Alikuja akijipangusa vumbi la pumba usoni. Madam akamuuliza kama Alhamisi ile ni yeye aliyechanganya bachi ya nne. Kiptum aliangalia karatasi. Aliujua mwandiko wangu. Kisha akaniangalia mimi, si kwa hasira, akamwangalia na Kamande aliyekuwa anajifanya kufunga gunia nje ya dirisha. Angesema, "Sikuwepo," tungekuwa tumekwisha sote watatu: yeye kwa kutoroka kazi, sisi kwa kumficha. Tulikuwa tumemshikia.

"Mashine ni yangu, madam," alisema.

"Nimeuliza kama ni wewe."

"Mashine ni yangu."

Alisimamishwa kazi siku hiyo. Barua ya kumfuta ingetoka baada ya wiki mbili, mkurugenzi akirudi kutoka safari. Mbele ya lango nilimfuata, nikamshika mkono wa shati, nikamwita kwa jina la mwanawe.

"Baba Kimeli, ngoja. Mimi nitaongea."

"Utasema nini?" aliniuliza. "Sue amelipiwa muhula?"

Nikauachia mkono wa shati.

"Basi enda kazi."

Nilienda kazi. Siku tisa nilienda kazi. Kamande ndiye aliyepewa mashine, na kwa woga sasa alichanganya dakika kumi na tano kamili, hata ishirini, huku akitokwa na jasho. Wakati wa chai alinikaribia.

"Mathe, usianze kuwa na roho ya kanisa sasa. Mzee mwenyewe amekubali."

"Hakukubali. Alisema mashine ni yake."

"Si ndiyo hiyo hiyo?"

"Kamande, uliizima dakika ngapi ile ya nne?"

Akaangalia kikombe. "Tano," alisema. "Ulikuwa umeniambia Ijumaa inakaribia."

Nilikuwa nimemwambia. Nilisema kwa mzaha, nikicheka, "Ijumaa inakaribia, bwana, mafuta yameisha nyumbani." Mtu anasema neno kama hilo na anasahau. Lakini ng'ombe alianguka kwa neno hilo. Nyumbani nilipika kwa mafuta ya kukopa dukani, maana hata Ijumaa ile hatukushinda, na sahani yangu nikamsukumia Sue. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema ni vumbi la kazini. Kanisani, tulipofika pale pa kuomba msamaha kwa tulivyotenda na tusivyotenda, nilifumba macho kwa nguvu, nikahesabu siku zilizobaki kabla ya barua.

Siku ya tisa Muiruri alirudi. Kiwanda kilikuwa kimemwahidi magunia ya bure, na alikuja kuyachukua. Nilitumwa kumhesabia. Alikuwa mtu mwembamba, wa maneno machache, na nilimwogopa kuliko mwizi. Wakati magunia yanapakiwa akaniuliza:

"Yule mzee wenu Kiptum anaendeleaje?"

"Unamjua?" nilisema.

"Si alikuja kwangu." Alisema kana kwamba ni jambo nililopaswa kujua. "Jumapili. Ametoka kwake na mtamba kwenye kamba, mtamba mzuri, amebakiza miezi michache azae. Akasema baba yake alimfundisha kwamba ng'ombe wa mtu akifa mkononi mwako, huendi na maneno matupu. Nikamwambia kiwanda ndicho kitalipa. Akasema kiwanda ni kiwanda na yeye ni yeye. Mke wangu alilia."

"Ukamchukua?"

"Ningekataaje? Mtu amekuja kwa heshima hivyo, kukataa ni kumtukana." Akanitazama kwa makini. "Mama, uko sawa?"

Sikuwa sawa. Namjua mtamba huyo. Kiptum alikuwa amemnunua akiwa ndama, na alikuwa akimzungumzia kwenye ndoo yake kama mtu anayemzungumzia mjukuu. Ndiye angekuwa maziwa yake akistaafu. Nami nilikuwa nimekaa siku tisa nikipima chumvi.

Sikumaliza kuhesabu. Nilimwachia Muiruri kalamu, nikapanda ngazi za ofisi na aproni ikiwa na vumbi.

"Madam, karatasi ni ya uongo."

Madam Chepkorir alikuwa anakula chapati. Aliiweka chini. "Karatasi ipi?"

"Ya Alhamisi. Kiptum hakuwepo, alikuwa kliniki. Ana sukari. Tulimshikia. Kamande alichanganya dakika tano, na mimi ndiye nilimharakisha. Kumi na tano niliziandika asubuhi kabla ya kazi."

"Asubuhi ya siku hiyo?"

"Asubuhi zote, madam."

Nilitamani apige meza. Badala yake aliuliza kwa sauti ya chini, "Kwa hivyo faili lote hili ni hadithi?"

"Za Kiptum ni kweli. Akiwa yeye ni kumi na tano kila mara."

"Na nitajuaje zake ni zipi, mama? Zote umeziandika sawa."

Nilikuwa nimefikiri uongo wangu uko kwenye mistari michache tu. Kumbe nilikuwa nimeiharibu na mistari iliyokuwa kweli.

Nitamsifu Madam kwa kitu kimoja: hakuniamini kwa maneno, wala hakunikataa kwa maneno. Kesho yake alisimamisha kazi, akamfanya Kamande achanganye bachi moja kwa dakika saba, na nyingine kwa kumi na tano. Akachota konzi kutoka kila gunia, akazitandaza kwenye karatasi nyeupe sakafuni, mbele ya shifti zote mbili. Za dakika saba, nyingine zilikuwa nyekundu kama udongo wa Subukia na nyingine nyeupe kama vumbi la unga. Za kumi na tano hungeweza kutofautisha ya kwanza na ya mwisho. Mama mmoja wa mchana alijifunika mdomo na leso.

Kisha akaleta kitabu cha magunia yanayorudishwa na wateja. Hakuna aliyekuwa amekiweka karibu na ubao kabla ya siku hiyo. Tulihesabu pamoja. Magunia yaliyorudi yalikuwa mengi ya shifti ya mchana, na ya kwetu karibu yote yalikuwa ya Alhamisi. Tulipoyatoa kwenye yale mia tatu na nane ya kila siku, na kutoa tena siku ambazo mashine ililazimika kusimama mchana kwa sababu ya chakula kilichogandamana pembeni, yule mzee wa ndoo alikuwa ameshinda karibu kila mwezi, na hakuwahi kubeba hata chupa moja ya mafuta.

"Gunia likirudi, halikutengenezwa," Madam alisema. Aliufuta ubao mwenyewe. Ubao ulikuwa wake.

Mimi na Kamande tulipewa barua za onyo la mwisho. Nilitegemea kufukuzwa, na nadhani ningelala vizuri zaidi. Kamande hakuniongelesha wiki nzima, kisha akasema, "Umeniuza, Mama Sue, lakini afadhali ni wewe." Sijui alimaanisha nini. Kalamu sikunyang'anywa. Niliomba ninyang'anywe. Madam akasema hapana, aliyeandika uongo anajua uongo unakaa wapi, nitabaki na karatasi, lakini sasa nitaandika saa ya kuwasha na saa ya kuzima, mashine ikiwa inaonekana mbele yangu.

Kiptum alirudi Jumatatu. Alikuwa amekonda shingo. Nilimngoja karibu na mashine, nikiwa nimepanga maneno usiku kucha.

"Baba Kimeli, nisamehe. Nitaongea na Muiruri, kiwanda kimlipe, mtamba wako arudi."

"Usimguse Muiruri," alisema, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akikaripia. "Mtamba nilimpa mtu aliyefiwa. Unataka nimwambie nini, kwamba nilikosea kumhurumia?"

"Lakini kosa halikuwa lako."

"Nilitoka kwa mlango wa nyuma, Mama Sue. Nilijua Kamande haketi. Nilijua." Aliingiza mkono ndani ya mashine hadi begani na kuanza kupapasa pembeni, uso akiwa ameuelekeza ukutani. "Mlinishikia vizuri sana. Hiyo ndiyo shida."

Alhamisi iliyofuata ilikuwa ya kliniki. Madam alikuwa amesema mtu akiwa na shida ya hospitali aseme waziwazi, mashine itasimama mpaka arudi au mpaka mwingine afundishwe. Kutafutiwa ufagio hakupo tena. Lakini mkurugenzi hakukubali kulipa saa za kliniki. Saa alizokosekana zingekatwa, na kwa mwaka mzima, ukizijumlisha, ni siku nyingi kwa mtu aliyetoa mtamba wake.

Saa mbili na nusu Kiptum alizima mashine, akaja mezani kwangu, kofia mkononi.

"Andika," alisema.

Nilishika kalamu. Kwa miezi yote ile niliiandika Alhamisi bila kufikiri, na sasa mkono ulikataa. Nilitazama mlango wa nyuma. Ulikuwa wazi. Kamande, kwenye magunia, alitazama pembeni, na nilijua kwamba nikiacha mstari ule mtupu hata yeye hatasema.

"Baba Kimeli, ni saa chache tu. Nani ataona?"

"Wewe," alisema.

Nikaandika: mashine imesimama, saa mbili na nusu, Kiptum, kliniki. Yeye akasoma polepole, mdomo ukitembea, kisha akaomba kalamu, akatia sahihi yake mbele ya mstari ambao ungemkata mshahara. Akatoka kwa mlango wa mbele. Nami nikabaki na mizani yangu, nikipima urea kwa ajili ya bachi ambayo hakuna mtu wa kuichanganya, gramu kwa gramu, na kuimwaga, na kuipima tena, mpaka aliporudi.